Siku Kiwanda Kilipojipa Likizo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema usije ukapoteza muda kumtafuta.

Nafanya kazi katika kiwanda cha magodoro, ila sishoni godoro hata moja. Mimi natengeneza programu za kiwanda: ya stoo, ya mizigo inayotoka, ya kuombea likizo. Zote zimejengwa juu ya jukwaa moja ambalo tunalilipia kwa kampuni ya mbali, na kila baada ya miezi kadhaa jukwaa hilo hutoa toleo jipya lenye maelezo yake. Juu huandikwa mambo mapya, kwa maneno matamu kama ya mtu aliyekuja kuposa. Chini huandikwa kasoro zinazojulikana, yaani yale ambayo watengenezaji wenyewe wanajua hayajakaa sawa, lakini wameamua tuishi nayo kwanza.

Mimi nilisoma juu.

Na juu kulikuwa kutamu. Ombi la likizo halingekaa tena mezani kwa mkubwa likiota vumbi. Meneja, ambaye ndiye huidhinisha likizo zote, asipokuwepo, mfumo ungetafuta wenyewe mtu mwingine wa kuliidhinisha. Nikaliweka toleo hilo Jumatatu, nikatembea siku nzima nimetanua mabega. Kesho yake Meneja akaenda likizo.

Jumatano jioni tukiwa mezani, mke wangu akaweka kijiko chini. Yeye ndiye msimamizi wa ukumbi wa kufungashia hapo hapo kiwandani, na akiweka kijiko chini huwa kuna jambo.

"Baba watoto, lile ombi langu la Ijumaa limenirudia mwenyewe. Linaniuliza kama nakubali."

Ijumaa hiyo mama yake alikuwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari alitaka ndugu wa kutia sahihi awepo kabla mgonjwa hajaingizwa, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Nafasi yenyewe mama mkwe alikuwa ameingoja tangu enzi ambazo bado aliweza kuiona sura yangu na kuisikitikia.

"Utakuwa umebonyeza pasipo penyewe," nikamwambia.

"Nimebonyeza pale pale pa siku zote."

"Basi subiri. Mfumo una akili siku hizi."

"Kukuzidi?"

"Kutuzidi sote wawili."

"Yale maelezo yake uliyasoma mpaka mwisho?"

"Niliyasoma," nikasema. Niliyasoma kama ninavyosoma karatasi ya dawa: nikishaona ni vidonge vingapi, naikunja.

Ijumaa asubuhi nikaukuta ukumbi wa kufungashia kimya kama darasa wakati wa likizo. Mashine zimefunikwa. Nje lori limeshasogea kinyumenyume hadi mlangoni, dereva wake anapiga mluzi. Magodoro ya hospitali mpya yalitakiwa kuondoka siku hiyo hiyo. Katikati ya ukumbi alisimama mke wangu peke yake, amevaa koti lake la kazi.

"Watu wako wapi?"

"Likizo."

"Nani kawapa?"

"Njoo ujionee akili ya mfumo wako."

Akanionyesha kwenye kompyuta yake. Maombi ya ukumbi mzima yalikuwa yamepita, na kila aliyeomba ndiye aliyeidhinisha. Mfumo, ulipomkosa Meneja, ulimtafuta mtu wa karibu zaidi na ombi, na hakuna aliye karibu na ombi kuliko mwenye shida yake. Kwenye nafasi ya sababu, mfungashaji mmoja alikuwa ameandika, "Nimechoka." Kwenye nafasi ya maoni ya mkubwa akajijibu, "Ni kweli, nimemwona." Mwingine alijishukuru kwa utumishi wake uliotukuka, akajiongezea siku.

Ombi moja tu halikuguswa: la mke wangu.

"Basi na wewe jipitishie," nikamwambia. "Bonyeza hapo uende. Mama anakungoja."

"Nibonyeze, halafu Jumatatu niwaulize hawa kwa mdomo gani? Mimi nataka ruhusa ya mtu. Mtu mwenye masikio."

"Muda unakwenda, mama watoto."

"Naujua unakokwenda. Mpigie Meneja."

Nikapiga. Nyuma ya sauti ya Meneja nilisikia watoto wakirukaruka kwenye maji. Nikamweleza, nikizungukazunguka kama nzi kwenye kikombe, mpaka akanikatisha.

"Nani kawapa likizo watu wote hao?"

"Wamejipa, bosi."

Watoto wakaendelea kuruka.

"Na huo mfumo ni wa nani?"

"Kitaalamu, jukwaa ni la kampuni ya..."

"Wa nani?"

"Wangu, bosi."

"Mpe mkeo simu."

Mke wangu akasikiliza. Akasema, "Asante, bosi." Akasikiliza tena, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasema, "Ndiyo, mgongo anao." Kisha akanirudishia simu, akavua koti lake la kazi na kunivisha. Mikono ya koti ilinifika kwenye viwiko. Alipotoka getini alikuwa anakimbia.

Godoro ukiliona limelala kitandani ni kitu kipole sana. Libebe. Linakukunjamania kichwani, linakukumbatia, linakuziba macho, na ukiligeuza kushoto lenyewe linataka kulia. Dereva alinielekeza kwa mluzi. Baadaye akatokea mtunza stoo, kanuna, akakamata upande wa pili bila salamu. Kumbe naye aliomba likizo, ombi likamrudia, akalikataa.

"Ulijikatalia mwenyewe?"

"Kazi ni nyingi msimu huu," akasema. "Nimejiambia nijaribu tena mwezi ujao. Lakini imeniuma."

Tulikuwa tumefika nusu ya lori simu yangu ilipolia. Mke wangu: "Nimewahi. Ameingizwa." Nikakaa juu ya magodoro ya watu, nikafungua yale maelezo na kuyasoma yaliyobaki. Kasoro ilikuwepo pale chini, imeelezwa vizuri kabisa, hata mtoto angeielewa.

Jioni nilimkuta mama mkwe sebuleni kwetu, jicho moja limefunikwa kwa bandeji, anakunywa chai. Mgongo wangu ulikuwa haukunjuki, lakini mdomo ulikuwa mzima, nikaona nijitetee.

"Mama, pole. Ila muelewe, ile ni kasoro inayojulikana. Wenyewe waliotengeneza wanaijua. Kosa si langu."

"Iliandikwa wapi?" akauliza mke wangu.

"Chini."

"Na wewe ulisoma wapi?"

"Juu. Kila mtu husoma juu. Mtu gani anachukua kitu kwa kuanza na kasoro zake?"

Mama mkwe akashusha kikombe, akanigeuzia lile jicho lililobaki wazi.

"Sisi," akasema. "Ulipokuja kuposa kwangu ulitusomea ya juu tu. Ya chini tulikwenda kuyauliza wenyewe kwa majirani zako, wakatueleza yote, na hili la kubisha lilikuwa la kwanza. Tukakuchukua hivyo hivyo."