Sanduku la Saltley

Sanduku la kura za Saltley lilikuwa bado mikononi mwa Maisara, lakiri yake haijaguswa, ami yake alipotangaza kwamba halitafunguliwa.

Ukumbi mzima wa Hockley uligeuka kumtazama. Ami Abdulnasir, mwenyekiti wa jumuiya ya Wazanzibari wa ughaibuni kwa miaka kumi na miwili, alivaa miwani akasoma katiba kwa sauti ya upole: sanduku huletwa na katibu wa tawi. Maisara alikuwa katibu wa Saltley, ndiyo, lakini muda wake ulikwisha Ijumaa, na leo ni Jumapili.

"Ami, si wewe mwenyewe uliyeniambia niendelee mpaka uchaguzi upite?"

"Kwa mdomo, mwanangu. Katiba haina masikio."

Ndani ya sanduku mlikuwa na kura sitini na moja, karibu zote za wanawake wanaomtaka Bi Nunu awe mwenyekiti badala ya ami. Bila hizo, Bi Nunu alikuwa nyuma kwa kura kumi na tisa.

Hila hii Maisara aliijua. Mwezi uliopita, jikoni kwa ami, alimsimulia utafiti wake wa chuo kikuu: New York, mwaka 1792, uchaguzi wa gavana. Kura za wilaya moja zililetwa kwa mkono wa sherifu, ofisa wa wilaya, ambaye muda wake ulikuwa umekwisha. Kamati ikazikataa bila kuzihesabu, na gavana wa zamani akabaki kitini. Nyumba nzima hupiga miayo akianza habari hizo. Ami peke yake aliweka kikombe chini.

"Ehe! Na watu wakafanyaje?"

"Walipiga kelele, ami. Kisha wakazoea."

Siku ile Maisara alirudi kwake Edgbaston akijiona msomi, amepata wa kumsikiliza. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hawasemi kwamba nguo yenyewe huenda umeishona wewe.

Sasa kelele zilianza. Ami alimtazama juu ya miwani, bila haya, akamwinamishia kichwa kama anayeshukuru. Maisara alimchukia mpaka macho yakamwuma.

Bi Nunu alikuja akamwekea mkono begani. "Abdulnasir namjua tangu utoto. Hili halikutoka kichwani mwake. Nani kamfundisha?"

Maisara alilikumbatia sanduku. Karatasi zikateleza ndani.

"Mimi, Bi Nunu."

Bi Nunu aliutoa mkono begani. Alinyoosha mikono, akalichukua sanduku taratibu, akaenda kukaa nalo upande wa pili wa ukumbi.