Bendera ya Chatu

Mimi Leonsia sina subira, na hilo nalijua tangu zamani. Mama anasema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono. Kwa hiyo Mwalimu Prudencia aliponipigia simu kutoka Bukoba akilalamika kuhusu bendera ya chatu, sikuuliza mara mbili. Nilikuwa dukani kwangu Igogo natoa fotokopi, mteja mbele yangu, simu nimeibana begani. Nikafungua mchezo kwenye kompyuta, nikaing'oa ile bendera, nikaendelea na fotokopi.

Mchezo wenyewe ni ule wa mtandaoni wa kujenga kwa matofali. Tuna kijiji chetu humo, tunakiita Ziwani, watu hamsini na kitu wa Mwanza, Sengerema na Bukoba, na admini ni mimi. Kila mtu anajenga anachotaka. Prudencia anafundisha Baiolojia sekondari, na ameingiza humo wanafunzi wake wote wa kwaya. Mashimba, fundi pikipiki wa Ilemela, alikuwa amejenga uwanja wa ngoma, akasimamisha mlingoti, na juu yake bendera nyekundu yenye chatu aliyejiviringisha kwenye ngoma.

"Wazazi wanasema huo ni uchawi," Prudencia aliniambia. "Mmoja ameshamnyang'anya mtoto simu. Wengine wakifuata, kwaya yangu imekwisha."

Haikupita nusu saa, kundi letu la Wasapu likawaka moto.

"Nani kagusa bendera yangu?" Mashimba aliandika.

"Mimi. Nyoka hatumtaki," nikajibu.

"Hamumtaki wewe na nani? Kikao mmekaa wapi?"

Clavery, mwenye duka la dawa Bukoba, akasema hata mlangoni kwake kuna picha ya nyoka amezunguka fimbo, na wazazi haohao wanaingia kununua dawa za mafua bila kukemea pepo. Modesta wa Sengerema akamjibu kwamba nyoka wa dawa na nyoka wa ngoma si mamoja. Obedi, jirani yangu wa hapa Mwanza, akakumbusha kwamba Musa alimtundika nyoka wa shaba mtini. Modesta akamwambia amwache Musa apumzike. Jamani, watu wanajua kubishana! Nikafunga kundi ili aandike admini peke yake, nikaona kazi imekwisha.

Kesho yake Mashimba akanipigia. Nilijiandaa kwa matusi, na yangu nilikuwa nayo tayari. Kumbe sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Dada Leonsia, ule uwanja ni wa baba. Mzee Luhaga amecheza ngoma na chatu miaka arobaini, na bendera yao ilikuwa ileile. Tangu apooze miguu hajafika uwanjani, mwaka wa tatu huu. Kila jioni namwekea simu mbele yake, anautazama uwanja wake. Jana kaniuliza bendera iko wapi. Nimemwambia imechukuliwa na upepo. Mimi siwezi kumdanganya kila siku. Kama hairudi, nabomoa uwanja wote, nimwambie mchezo umeharibika."

Kusema kweli niliumia. Lakini nilikuwa nimeshasema hapana mbele ya watu hamsini, na kurudi nyuma ni kitu kinachonishinda.

"Sasa unataka nifanyeje?" nikamuuliza. "Tupige kura?"

"Kura za nini? Kwetu ngoma mbili zikishindana, kila moja inacheza upande wake, wakati mmoja. Hakimu hakuna. Watu wanatembea wenyewe, na palipojaa watu ndipo paliposhinda. Nikishindwa, nabomoa na simlaumu mtu."

Nikacheka moyoni. Kwaya ya Prudencia peke yake ni watu ishirini na sita. Hata asipomshawishi mtu yeyote, ameshashinda. Nikakubali palepale, nikamwarifu Prudencia, nikairudisha bendera kwa siku moja tu ya mashindano.

Ikawa Jumapili, saa tisa alasiri, watu wameshatoka kanisani na kula. Upande mmoja wa kijiji Prudencia alikuwa amejenga jukwaa zuri ajabu, migomba kila kona, kwaya mistari minne. Tatizo kila mtoto alikuwa anaimbia kwao, na mtandao wa kuchelewa, kwa hiyo besi ilikuwa inaingia wakati soprano wameshakaa. Upande wa pili Mashimba alisimama chini ya mlingoti na ngoma moja. Mimi nilisimama katikati, nahesabu. Kwa Prudencia walikuwa thelathini na tisa. Kwa Mashimba kumi na wawili. Nilimwonea huruma, lakini ndiyo hivyo, wengi wape.

Ndipo Mashimba akampa baba yake simu aongee. Tukasikia sauti nzito ya kizee.

"Chatu wangu huyo," Mzee Luhaga alisema. "Nikipiga ngoma, anasikia hata akiwa ndani ya kikapu. Anasikia kwa masikio yake, anainua kichwa, ananitafuta."

Prudencia akaacha kuimba. Ninamfahamu Prudencia.

"Samahani mzee," alisema. "Nyoka hana masikio."

"Nani anasema?"

"Mimi. Ndicho ninachofundisha."

"Basi wangu alikuwa nayo."

"Haiwezekani, mzee wangu! Ngoja nije nikueleze."

Akashuka jukwaani. "Prudencia, usitembee!" nilipiga kelele, mteja akaruka na karatasi zake, lakini kipaza sauti nilikuwa nimekizima. Mwalimu wa watu akavuka kijiji kizima hadi mlingotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Nyoka anapokea mtetemo kwa taya, mzee. Unapita ardhini."

"Ndiyo maana ngoma tuliiweka chini, kwenye udongo," mzee alisema. "Ukiinyanyua, hageuki."

"Hilo ulilijuaje?"

"Nililala naye nyumba moja, mwanangu. Nisijue?"

Na kwaya je? Kwaya inamfuata mwalimu wake, ndivyo alivyowafundisha. Watoto wote walishuka jukwaani kwa mstari, wakaja mbio. Wasikilizaji nao, jukwaa likiwa tupu, wangebaki kusikiliza migomba? Nilipohesabu tena, nilikuwa nimebaki peke yangu katikati ya kijiji. Nikaenda na mimi. Nilikuwa nacheka, na roho yangu ilikuwa nyeupe, sikujali tena nani ameniona nikirudi nyuma.

"Leonsia, mimi nimekuja kuuliza tu," Prudencia alisema.

"Umekuja kwa miguu yako, mwalimu."

Akaguna, halafu akacheka. "Haya. Wazazi nitazungumza nao mwenyewe. Nitawaambia ni somo la kidato cha tatu."

Tulimsikia mzee anamuuliza Mashimba kwa sauti ya chini, nadhani alidhani hatumsikii.

"Wamefika wangapi?"

"Wote, baba."

"Wote? Hata wale wa upande wa kule?"

"Hakuna aliyebaki."

Mzee Luhaga akakohoa, akasafisha koo.

"Waambie wasiondoke," alisema. "Sijaanza bado."