Laini Isiyo na Yunioni

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa haujainuka bado kwenye mashamba ya viazi, fundi bomba Kefa alipiga magoti mbele ya bomba la Bibi Asteria na kubadilisha washa kwa mara ya tatu mwaka huo. Alifungua kichwa cha koki kwa spana, akatoa kile kipande cha mpira mweusi kinachoziba maji, akakiinua juu ili bibi akione.

"Mkorofi ni huyu," alisema. "Washa ikichoka, koki haifungi vizuri."

"Yangu inafunga vizuri," alisema Bibi Asteria. "Haitoi maji tu."

"Ni mambo yanayohusiana, bibi."

Hayakuhusiana hata chembe, na Kefa alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale kijijini. Koki ile ilikauka tangu mwezi wa pili, pale yeye mwenyewe, kwa agizo la Mzee Ebeneza, mwenyekiti wa kamati ya maji, alipokata bomba kuu nyuma ya tenki na kuingiza tii, kile kiungo chenye midomo mitatu. Maji yaliingia kwa mdomo mmoja na kutokea miwili. Mmoja ulielekea kijijini. Wa pili, mpana zaidi, ulielekea kwenye shamba la parachichi la mwenyekiti, na maji yakachagua njia pana. Nyumba zote za upande wa juu zikarudi kubeba ndoo kutoka bondeni. Bibi Asteria naye alirudi, miaka sabini na kitu, mjane, aliyechimba mita kumi na mbili za mtaro wa bomba kwa jembe lake siku kila kaya ilipogawiwa kipande chake cha kuchimba.

Kefa alikuwa akizungusha tepu nyeupe kwenye uzi wa koki, akifuata upande unaokaza ili isikunjamane, aliposikia baridi ubavuni. Akafungua koti, akapandisha sweta. Chini ya mbavu za kushoto ilikuwepo koki ya shaba, ya nusu inchi. Aliikagua kifundi. Uzi umekatwa safi, mpini unazunguka bila kukwama. Akaufungua robo, na maji yakatoka, baridi kama yale ya chanzo kule mlimani.

Bibi Asteria alisogeza ndoo.

"Ya huyu washa yake nzima," alisema.

Kufikia Jumatano foleni ilikuwa imeanzia mlangoni kwa Kefa na kuishia kwenye uzio wa kanisa. Kefa alifurahi, na kwa nini asifurahi? Watu waliokuwa wakimpita njiani kama hawakumwona sasa walimwambia "Kamwene, fundi," na kumwekea kigoda. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mke wake, Eveline. Miaka kumi na sita alikuwa mke wa fundi bomba, na miaka hiyo yote nyumba yake haikuwahi kuwa na bomba. Utosini alikuwa na kiduara kisichoota nywele, pale ndoo inapokaa. Siku hiyo alifua mablanketi yote matatu, akaosha miguu kwa maji ambayo hakuyabeba, akakaa juani akiitazama miguu yake.

Alhamisi kamati ya maji ilikutana. Rabson, msimamizi wa shamba la mwenyekiti, ndiye aliyeleta malalamiko.

"Kila Kefa akifunguliwa," alisema, "matone ya umwagiliaji kule shambani yanakatika. Akifungwa, yanarudi."

Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Jambo lilikuwa wazi.

"Kumbe ni maji yetu yaleyale," alisema Clemens, mwinjilisti. "Si tuing'oe hiyo tii, yaishe?"

Hakuna aliyeuliza tii gani. Walikuwa wanaijua wote, kumbe, tangu siku ilipofungwa. Mzee Ebeneza alimjibu bila hasira, maana alikuwa mtu mpole, na upole ulimfaa sana maishani.

"Mwinjilisti, parachichi zimetoa maua. Ua likikosa maji siku mbili linadondoka. Watu hawadondoki. Watu wana ndoo."

Ikakubalika. Ikakubalika pia kwamba Kefa asizurure na maji ya umma. Angekaa pale kwenye bomba la Bibi Asteria, juu ya zege, na kufungiwa geti valvu, ile yenye gurudumu dogo juu, inayofungua au kukata laini nzima. Saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni angetoa maji kwa kijiji. Saa zilizobaki, bomba la plastiki lingeyapeleka maji yake shambani, ili maua yasipate hasara yoyote. Gurudumu lingekaa mikononi mwa Rabson.

"Una neno, fundi?" aliuliza mwenyekiti.

Kefa hakuwahi kuwa na neno mbele ya Mzee Ebeneza. Angekuwa nalo, angelisema mwezi wa pili.

"Sina, mwenyekiti. Naomba yunioni tu."

Baadhi hawakuijua, akawaeleza, na sauti yake ikawa ya darasani. Yunioni ni kiungo cha vipande viwili vinavyobanwa na nati kubwa katikati. Ukilegeza nati, mabomba yanaachana, na hakuna kinachokatwa. Soketi haiko hivyo. Soketi ni kipande kimoja, uzi ndani pande zote mbili, na bomba likishakaza upande huu na ule, haliwezi kuzunguka tena. Laini isiyo na yunioni hufunguliwa kwa msumeno wa chuma.

"Jumapili mwanangu Ema anapata kipaimara Makambako," alisema. "Yuko kwa shangazi yake kwa ajili ya shule. Nifungueni asubuhi, nipande gari, jioni nimerudi. Nimemwahidi nitakaa benchi la mbele."

"Ni haki yake," alisema mwenyekiti. "Afungiwe yunioni, kama zipo."

Kazi alipewa Dainess, aliyesomea ufundi Njombe mjini na kujifunza mengine yote kwa Kefa mwenyewe. Ijumaa asubuhi alifungua boksi la vifaa vya mradi mbele ya watu. Elbo zilikuwepo, soketi zilikuwepo, nipo zilikuwepo, vile vipande vifupi vyenye uzi kila mwisho. Yunioni haikuwepo hata moja.

"Zilikuja arobaini," alisema Dainess. "Zote ulizifunga wewe, fundi, kwenye laini ya kijiji."

Kefa aliangalia viatu vyake. Hakufunga hata moja. Kila mahali mchoro ulipodai yunioni, yeye aliweka soketi, ili bomba likipasuka lisifunguke kwa mkono wa mtu yeyote, aitwe yeye na msumeno wake. Kijiji kizima kilikuwa kimefungwa hivyo. Yunioni zilikuwa kwenye gunia, chini ya kitanda chake. Alimwita Eveline, akamnong'oneza.

"Niletee moja tu, Mama Ema. Moja."

Eveline alikwenda. Kefa alikaa juu ya zege, blanketi mabegani, akiutazama mlango wa nyumba yake ng'ambo ya shamba la viazi. Alikuwa kama mtoto anayesubiri jina lake liitwe. Dainess alimaliza kuzungusha tepu kwenye nipo, akasubiri naye. Mke wake alipotoka alitembea polepole, mikono mitupu.

"Sijaliona hilo gunia, Baba Ema," alisema.

Magoti ya kitenge chake yalikuwa na vumbi, vumbi la mtu aliyepiga magoti kando ya kitanda na kuinama sana. Kefa aliliona. Akaona pia kwamba siku ile hakuwa na kata ya nguo kichwani, na kwamba alikuwa amesuka. Eveline hakuinamisha macho. Alimweka sawa blanketi, akaenda kuitanguliza ndoo yake mahali pa kwanza.

"Basi soketi," alisema Kefa.

Dainess alichukua spana bomba mbili. Moja ilishika, ya pili ikazungusha. Ndivyo alivyofundishwa: ukitumia moja, nguvu yote inakwenda kwenye kiungo cha nyuma na kukivunja, na kiungo cha nyuma hapa kilikuwa ubavu wa Kefa. Iliuma hata hivyo. Iliuma mpaka akaita jina la mama yake, aliyekufa zamani.

"Inavuja?" aliuliza alipoweza.

"Haivuji, fundi."

"Umefanya vizuri."

Dainess alirudisha msumeno kwenye mfuko wake, akaufunga zipu.

Jumapili kengele za kanisa zililia pale kijijini, na Makambako bila shaka zililia pia. Kefa alisikiliza maji yake yakienda shambani. Alihesabu kwa kichwa: sasa wanaingia, sasa anaulizwa swali, sasa anageuka kuangalia benchi la mbele. Alilia kidogo, na hakuna aliyemsumbua.

Saa kumi Rabson alizungusha gurudumu, na foleni ikaanza kusogea. Ema alikuwa wa saba. Alikuwa ameshuka kwenye gari akiwa bado na gauni jeupe, na mama yake alimpa ndoo mlangoni kabla hajakaa. Hakuna aliyempisha. Foleni ni foleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umewekewa mikono?"

"Ndiyo, baba."

"Mistari uliikumbuka?"

"Yote." Aliweka ndoo chini, akakusanya gauni kwa mkono mmoja lisiloe. Mkono wa pili akaushika mpini wa koki. "Nifungue mpaka mwisho?"

"Nusu inatosha. Ukiikamia sana unaua washa."

Nyuma yake Bibi Asteria aligonga ndoo yake kwa kidole.

"Fungua yote, mjukuu wangu, saa zinakwenda," alisema. "Washa ikifa, fundi tunaye."

Ema akafungua yote.