Kigamba cha Jino la Lynnet

Mimi nilisema. Siku ile binti yangu Lynnet aliporudi kutoka Kisumu kabla ya harusi, meno yote ya mbele meupe pe, nilimwambia: mwambie Boaz. Mwanaume anaoa mtu, haoi vikombe. Maana daktari alikuwa ameyapara kidogo yale meno yake ya rangi ya chai, akagandisha juu yake vigamba vyembamba vya kauri, ileile ya vikombe vya wageni. Lynnet akaniapisha ninyamaze. Na mimi, mwenye mdomo unaosikika soko zima la Sindo, nikanyamaza. Haya, ona sasa.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Hii ilifika miaka kumi. Vigamba vilikaa sawasawa, hata ukucha haungenasa ukingoni. Alitafuna navyo mahindi ya kuchoma, akazaa navyo, akafundisha navyo shule huko Migori, na Boaz hakujua kitu. Lakini mtoto wao Mourine nilimlea mimi tangu alipoachishwa ziwa, kwa maji ya kisima kilekile kilichomlea mamake. Meno ya utotoni yakang'oka, ya ukubwani yakaota. Rangi ya chai.

Sasa yuko kwa wazazi wake, na babake kila asubuhi: "Wewe hupigi mswaki?" Darasani wanamwita Kutu. Likizo ya Agosti wakaja kwangu, yeye na mamake. Nikamkuta nyuma ya jikoni anasugua meno kwa makaa na mchanga, ufizi unatoka damu.

"Dani, nataka yawe kama ya Mama," akaniambia mimi bibi yake.

Lynnet alikuwa amesimama mlangoni. Nikamtazama, nikangoja. Yawa! Unajua alisema nini?

"Sugua tu, nyathina, mwanangu. Yatang'aa."

Kofi lilinijia mkononi. Nikalirudisha, kwa sababu kisima ni changu, na kunyamaza pia kulikuwa kwangu. Nikaiacha sufuria bila kumaliza kuiosha.

Siku hiyohiyo, tukila ugali, kigamba kimoja kikamtoka Lynnet. Akakificha kiganjani, akajifunga leso mdomoni, akamwambia mtoto jino linamuuma. Boaz alikuwa anakuja Jumamosi. Asubuhi tukaenda Homa Bay, kwa daktari wa meno aitwaye Omwenga.

Daktari akanitazama mimi kwanza. Meno sita ya chini sina, yaling'olewa kwa mila nikiwa msichana.

"Na wewe mama, tukuwekee?"

"Yangu yalitolewa mchana, watu wakiona," nikamjibu. Lynnet akainama.

Omwenga akakigeuza kile kigamba kwenye mwanga wa dirisha. "Kazi nzuri hii. Kauri yenyewe haijapasuka wala kubadilika rangi. Gundi ndiyo imechoka, hapa ukingoni, ufizi uliporudi nyuma. Nitakirudisha leo, hakuna atakayejua."

"Na hiyo rangi ya chini," nikauliza kwa sauti, ili mtu fulani asikie, "mtu akisugua, inatoka?"

"Haitoki, mama. Ni madini ya maji. Yaliingia jino likiwa bado ndani ya ufizi. Hata asugue mpaka Krismasi, atajiumiza bure."

Lynnet alikuwa ameshika kioo. Aliliangalia lile jino moja la chai katikati ya meupe, akaanza kulia bila sauti. Daktari alikuwa tayari anachanganya gundi.

"Ngoja kwanza, daktari," akasema. "Nitarudi kesho. Kuna mtu lazima alione."

Tulipofika nyumbani hakuingia hata ndani. Alimwita Mourine uani, akapiga magoti, akafungua leso.

"Angalia mdomo wa mama."

Mtoto akaangalia. Akaligusa lile jino kwa kidole, polepole. Nilidhani atalia, au atauliza kwa nini tulimdanganya, mamake na mimi. Tulistahili.

"Pole, Mama," akasema, kwa ile sauti ya kumpoza mgonjwa. "Kumbe hata wewe hupigi mswaki?"

Lynnet alitaka kujibu, lakini mtoto alishakimbia nyuma ya jikoni. Akarudi na kipande kikubwa cha makaa, kile alichojiwekea mwenyewe, akamtia mamake mkononi.

"Sugua tu," akamwambia. "Yatang'aa."