Maji ya Kavata

Kasyoka alikuwa akipangusa viti viwili katika chumba cha ushauri, ambacho kwa kweli kilikuwa stoo ya maharagwe, msichana asiyejulikana pale shuleni alipoingia na beseni, akauliza kama hapa ndipo watu huja kulia.

"Ndipo," alisema Kasyoka. "Keti."

Alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya ushauri nasaha, na chuo kilikuwa kimemleta upande huu wa Kanyangi kwa mazoezi. Bila ripoti nzuri ya mwalimu mkuu hangehitimu.

Msichana aliitwa Kavata. Aliweka beseni magotini, akaanza kusimulia habari za mamake, akalia. Beseni lilijaa kabla hajafika mbali. Maji yalikuwa baridi, yasiyo na chumvi hata kidogo. Kasyoka alikuwa amefundishwa kutomkatiza anayelia, kwa hiyo alitoka polepole akaleta ndoo.

Mvua ilikuwa imekosa kunyesha msimu wa pili. Wiki haikwisha kabla Bwana Mbaluka, mwalimu mkuu, hajamwandikisha Kavata bila kuuliza karo, na fundi akavuta paipu kutoka chumba cha ushauri hadi kwenye tangi. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulipikwa kwa maji hayo, ukaiva upesi. Wazazi walipita na mitungi baada ya ibada, wakamshukuru Mungu, kisha wakamwambia Kavata ajitahidi vivyo hivyo.

Kila alipokaribia mwisho wa habari yake, mtu aligonga mlango kusema tangi limejaa, habari iliyobaki aiweke hadi kesho.

"Madam, siku moja utaniacha nimalize?" aliuliza.

"Nitakuacha umalize," Kasyoka aliahidi.

Bwana Mbaluka alimwita ofisini, akamkaribisha chai.

"Mfariji, Madam. Mfariji sana. Lakini usimalize. Huyu akipona, wale wengine watakunywa nini?"

Kasyoka alimaliza chai yake. Katika kozi yake hapakuwa na somo la maji.

Daktari Nyamai, msimamizi wake kutoka chuoni, alikuja kumkagua. Alikaa juu ya gunia, akaloa hadi magotini, akasema yote ni sawa, ila paipu isipite kati ya mshauri na mteja.

Kesho yake Kasyoka alifunga mlango kwa komeo. Watu waligonga, kisha wakagonga kwa nguvu, naye hakuinuka. Kavata alisimulia jinsi mamake alivyoshuka kwa kamba kuteka maji katika shimo walilochimba mtoni, mahali ambapo malori yalikuwa yamezoa mchanga hadi ukingo ukabaki bila kitu cha kuushikilia. Ukingo uliporomoka. Watu wa lori walisaidia kuchimbua kwa muda, wakachoka, wakapakia mchanga walioutoa, wakaenda kuuza.

"Mwaitu, mama yangu, alikuwa bado chini," alisema. "Mimi nilishika kamba mpaka jioni. Sasa nimemaliza."

Machozi yalikatika. Paipu ilikohoa mara chache, ikanyamaza.

Bwana Mbaluka hakukasirika. Aliandika katika ripoti ya Kasyoka kwamba mwanafunzi huyu haelewi mahitaji ya shule, akatia muhuri, akamtakia Kasyoka safari njema. Tangi lilipokauka, wanafunzi walitolewa madarasani, wakapewa mitungi, wakateremka mtoni, ambako malori yalikuwa yakipakia.

Kavata, kwa kuwa aliijua kazi, ndiye aliyepewa kamba. Aliipokea kwa macho makavu.