Maji Yaliporuhusu

Mtaani walimwita Bi Chupa. Kila Jumanne walimwona akishuka ngazi za daraja na kasha la barafu begani, chupa zikigongana ndani. Wenye maduka walimtania, "Bi Chupa, leo unatuuzia nini?"

"Mavi yenu wenyewe," aliwajibu.

Walicheka, ingawa ilikuwa kweli.

Kazi yake ilikuwa kupima maji ya hori, ule mkono wa bahari uliopenya hadi katikati ya mji. Aliteremsha chupa kwa kamba maji yakipwa, akaandika saa na joto la maji, akawahi maabara. Kesho yake alihesabu vidoa vya manjano vilivyoota kwenye visahani alimomimina maji hayo. Kila kidoa kilikuwa ukoo mzima wa vijidudu vya kinyesi. Kwa miaka tisa vilikuwa havihesabiki.

Nyumbani mama yake alimngoja dirishani. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, magoti yamemgomea, na swali lake lilikuwa moja tu.

"Yameruhusu?"

"Bado, mama."

"Haya. Tumengoja mengi."

Mama alizaliwa nyumba ya tatu kutoka majini. Kabla bomba la maji taka halijaelekezwa horini, yeye na dada yake mkubwa walioga pale kila alasiri, nguo wameziangika kwenye mikoko. Baadaye dada akaolewa mbali, akafia huko huko, na mama hakuwahi hata kumzika. Tangu hapo alitamani kitu kimoja, kurudi katika yale maji.

Mwaka huo bomba lilihamishwa. Wiki moja kisahani kikatoka na vidoa vinne tu. Bi Chupa alivihesabu mara tatu, moyo ukimwenda mbio. Lakini jibu moja si jibu. Jioni ile mama alipouliza, ulimi ulimwasha.

"Bado, mama."

Wiki iliyofuata, sita. Kisha mvua ikanyesha, ikazoa uchafu wa mitaroni, vikawa mia na ushei. Akaanza upya. Ilipotimia wiki ya tano mfululizo ya majibu mema, alifika nyumbani na kusimama mlangoni.

"Mama, jiandae. Yameruhusu."

"Usinifanyie mzaha, mwanangu."

"Ningekutania kwa hili?"

Walikwenda maji yamejaa. Alimshika kwapani hadi kwenye kina kifupi, akasimama hapo na buti zake za kazi, mama akaendelea taratibu mpaka maji yakamfika kifuani. Mama alilala chali, akaelea mwepesi kama jani. Halafu akaanza kulia.

"Magoti, mama?"

"Magoti hayana neno." Akajifuta uso kwa mkono uliolowa. "Miaka yote nilidhani nayalilia maji. Kumbe namlilia dada yangu. Maji yamerudi, mwenzangu hajarudi."

Mama akamtazama miguuni.

"Wewe hujawahi kujitosa humu hata siku moja?"

"Sijui kuogelea."

"Vua hayo mabuti. Njoo."

Alivua, akaingia, nguo zikimganda mwilini. Mama akamlaza, kiganja chake kikiwa chini ya mgongo.

"Legeza shingo. Maji hayambebi aliyejikaza. Ndivyo alivyoniambia dada."

Akalegeza. Masikio yakazama, kelele za mji zikakatika. Aliuona mdomo wa mama ukiendelea kusema, polepole, kwa tabasamu, lakini hakuwa akisema na bintiye, bali na dada yake.