Raha Aliyonyimwa Bi Mize

Magoti ya Bi Mize yalipoanza kukaza, Radhiya, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliomba amtie baharini pale Chukwani pamoja na wazee wenzake, kwani maji humpunguzia mtu uzito. Sabri, mwanawe, alikataa.

"Mama yangu atote mbele za watu, nguo zimgande? Haiwi!"

Mwaka uliofuata Bi Mize hakuweza tena kusimama kusali. Sabri mwenyewe akambeba hadi majini. Radhiya akamshika mgongo, akajaribu kumkunja goti taratibu. Halikukunjika. Lakini bibi alipojiona anaelea, alicheka.

"Kumbe raha hivi! Mbona ulininyima, mwanangu?"

Sabri alimshika mkono, akatamani mama amgombeze.